Mshale wa Joto Kwenye Gari Jekundu

Jamna alikuwa akimwagia maji uwanja wa gereji ili vumbi litulie, kama alivyofanya kila mchana wa Juni, gari jekundu lilipokata kona ghafla kutoka barabara kuu. Lilikuwa gari la mbio, la viti viwili, chini kama godoro. Magari ya namna hiyo hupita tu hapa jangwani, hayasimami. Dereva alizima injini, akaruka nje na kusema gari lake linaungua.

Aliitwa Pratyush. Alikuwa akimrudisha mama yake mjini Jodhpur kutoka kuhiji hekalu la Ramdevra, na jioni hiyo mama alitakiwa awe hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kuwa figo zake hazifanyi kazi. Geti la reli lilikuwa limefungwa kwa muda mrefu kupisha treni ya mizigo. Wakasubiri juani, kipoza hewa kikivuma, na mshale wa joto ukapanda hadi mia na sita. Maji huchemka kwenye mia, alisema, kila mwanafunzi anajua.

Walimtoa mama, wakamkalisha kivulini. Jamna alimletea mtindi mwepesi, lakini Pratyush akamzuia: mama haruhusiwi kunywa sana. Mama akalowesha midomo tu. Miguu yake ilikuwa imevimba, na macho alikuwa ameyafumba.

Baba yake Jamna, fundi Dungaram, alikuwa mjini Bikaner kununua vipuri. Gereji alimwachia mpwa wake Khetaram, kijana mwenye mikono myepesi na maneno mengi. Khetaram alikwishashika spana. Akaeleza kwamba dawa ni kung'oa vali ya joto, ile inayozuia maji yasikimbie ovyo kwenye injini. Matrekta na pikapu zote za huku zimeng'olewa vali hiyo. Nchi ya joto haina haja nayo. Akachukua tambara, akanyoosha mkono kwenye mfuniko wa maji.

Jamna akasimama mbele yake. "Kaka Kheta, usifungue. Ngoja nimpigie Baba."

"Pisha, mama mkwe," Khetaram akamtania. " Jua linazama huku wewe unapiga simu."

Hakupisha. Simu ya gereji hushika mtandao mahali pamoja tu, kando ya tangi la maji, kwa hiyo alirudi kinyumenyume huku akimkazia macho Khetaram, akapiga na kufungua sauti ili wote wasikie. Neno la kwanza la baba lilikuwa kwamba mfuniko usiguswe na mtu. Maji yale ya moto yangembabua uso. Kisha akauliza polepole. Kile kichupa cheupe cha akiba, maji yako kati ya mistari miwili? Jamna alikwenda, akachungulia, akarudi kusema ndiyo. Mshale ulikuwa bado ukipanda kabla ya gari kuzimwa? Pratyush akajibu kwamba ulisimama pale pale, kwenye mia na sita. Chini ya gari kunadondoka maji?

"Hakuna," Jamna akasema haraka. Alimwona mama akiegemea ukuta na alitaka sana jibu liwe jema.

Baba akasema basi, waondoke. Pratyush akaanza kumwinua mama yake.

Jamna akaishikilia simu. Gari likizimika katikati ya mchanga, mama huyu atakaa wapi?

"Baba," akasema, "sikuangalia."

Khetaram akacheka. "Fundi mkuu huyo, jamani. Anapima gari kwa ndoto."

Baba hakucheka wala hakufoka. "Sasa angalia, mwanangu. Nasubiri."

Jamna akalala kifudifudi kwenye saruji ya moto. Chini ya gari palikuwa na kidimbwi. Pratyush alipokiona akashika kichwa kwa mikono miwili. Jamna akachovya kidole, akakinusa, akakisugua kwa kidole gumba. Maji ya injini ya gari lile, aliyoyaona kichupani, yalikuwa ya waridi. Haya hayakuwa na rangi, hayakuteleza, hayakuwa na harufu. Akamwambia baba hivyo hivyo, bila kuongeza neno.

"Hayo ni matone ya kipoza hewa, si ya injini. Washeni. Sikilizeni feni."

Injini ikanguruma. Mshale ukapanda hadi mia na tisa. Feni ikavuma. Mia na saba. Mia na nne. Ukatulia.

Baba akaeleza kwamba maji ya gari hilo yamefungiwa kwa shinikizo na kuchanganywa na dawa, hayachemki kwenye mia. Kwa joto hili, gari likiwa limesimama, mia na sita ni hali yake ya kawaida. Mshale ukipita mia na kumi na tano na bado unapanda, au taa nyekundu ikiwaka, hapo dereva asimame.

"Kheta, usitibu kisichoumwa," akasema. "Na wewe Jamna, jicho lako leo lilikuwa langu. Fundi asiyejua hujifunza. Anayesema ameona asichokiona huua watu. Ulijirudi mapema; fanya hivyo siku zote."

Kabla hawajaondoka, Pratyush alimwomba Jamna akae karibu na simu mpaka wafike, ili wakikwama Khetaram awafuate na pikapu. Jamna akaahidi.

Gari lilipotoweka, rafiki yake Suwati akaja mbio. Timu ya kabadi, mchezo wa kukamatana wa watu saba kila upande, ilikuwa imefika kutoka kijiji jirani, na bila Jamna wao walikuwa sita. Akabembeleza, akanuna, mwisho akasema wakishindwa Jamna asimsalimie tena. Khetaram akajitolea kushika simu, kisha dakika chache baadaye akasinzia kwenye kitanda cha kamba.

Jamna alikaa kando ya tangi. Kutoka uwanjani alisikia kelele za ushindi, na hazikuwa za upande wao. Kivuli cha tangi kilikuwa kimefika barabarani simu ilipolia.

"Jamna? Mama yuko kwenye mashine. Bado upo hapo?"

"Nipo, kaka. Niambie, mshale ulisimama wapi?"