Chatini ya Rosine Haifunikwi Motoni

Msimu wa maembe ukifika Kasongo, uwanja haufagiliwi mara moja tu kwa siku. Maembe huanguka asubuhi, mchana na jioni. Nyuma ya nyumba ya Rosine kulikuwa na miembe mitatu. Watoto walikula mpaka wakakinai. Mbuzi nao wakakinai. Yaliyobaki Rosine aliyapika chatini, ule mchuzi mzito wa maembe wenye sukari, siki na pilipili. Kijiko kimoja tu, na ugali wa muhogo unashuka wenyewe.

Hakupikia binti yake Estelle na watoto wengine peke yao. Mume wake, Placide, alikuwa akichimba dhahabu Lusangi, na alirudi nyumbani mara chache sana. Huko simu hazishiki. Kwa hiyo Rosine alikuwa akimpa Pitchou, dereva wa pikipiki, chupa ya plastiki ya mdomo mpana iliyojaa chatini, na chupa hiyo ilibeba salamu zake zote.

Jumanne moja Pitchou alirudi na uso wa mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. Alieleza kwamba chupa ya plastiki ilivimba njiani kama tumbo la chura. Kifuniko kiliruka. Chatini yote ilimwagikia shati jeupe la Placide la kuendea kanisani, lililokuwa katika mfuko mmoja na chupa.

"Na yeye alisema nini?" Rosine aliuliza.

Pitchou akatazama gurudumu. "Alisema usitume tena chatini, Mama Estelle. Tuma chumvi tu."

Maneno hayo yalimuuma. Chumvi mtu yeyote anaweza kuituma. Rosine aliogopa kwamba mume wake atazoea kuishi bila kitu chochote kutoka mikononi mwake.

Jirani yake, Iliasi, alikuwa mpishi wa pilau katika arusi za Waislamu wa mtaa. Rosine akapiga moyo konde, akaenda kumweleza. Iliasi alimwambia apike chatini mbele yake, kama anavyopika siku zote. Yeye atakaa atazame.

Rosine alikata maembe, akatia vitunguu, tangawizi, pilipili, sukari, chumvi na siki ya dukani. Kisha akaongeza vikombe viwili vya maji, ili chatini iwe nyingi. Iliasi akakunja uso. Sufuria ilipoanza kuchemka, Rosine aliifunika kwa jani la mgomba, na kifuniko juu yake, kama mama yake alivyomfundisha kupika sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Hapo Iliasi alicheka mpaka kofia ikamtoka.

"Mama Estelle, hii haiko sombe," alisema. "Ukifunika, mvuke inarudi kuwa maji mule mule. Chatini yako iko inaoga, haiko inaiva."

Rosine alivuta mdomo, halafu akacheka naye. Wakaanza upya. Safari hii hawakutia maji hata tone, kwa sababu embe lina maji yake ya kutosha. Sufuria ilikaa wazi juu ya moto mdogo. Mwiko haukupumzika, maana sukari ikishika chini huungua na kuwa chungu. Baada ya kama saa moja, Iliasi alipitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia ikaonekana chini, na chatini haikukimbilia kuifunga. Hapo ilikuwa imeiva.

Ikaja zamu ya chupa. Rosine alileta chupa za plastiki alizozisuuza kwa maji baridi. Iliasi akazisukuma kando. Alitaka bokali, zile chupa pana za kioo zenye vifuniko vinavyobana. Walizichemsha dakika kumi, pamoja na vifuniko vyake, wakazifudikiza juu ya kitambaa safi zikauke. Zikiwa bado za moto, wakazijaza chatini ya moto.

"Sasa ndiyo unafunika," Iliasi alisema.

Lilibaki jambo moja, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Rosine alikuwa na mkono wazi. Kila aliyepita uwanjani alichovya tonge la ugali ndani ya chupa, akalamba kidole, akachovya tena. Chupa hizohizo ndizo zilizokwenda Lusangi.

"Kuwapa watu iko muzuri," Iliasi alimwambia. "Lakini wape mu sahani. Kijiko iwe safi na kavu. Mukono ya mutu ikiingia mu bokali, vijidudu vinaingia. Ukiona povu ao kuvimba, tupa. Usionje."

Rosine aliziweka bokali kivulini, akazichungulia kila siku kwa wiki mbili. Hakuna iliyovimba. Hakuna iliyotoa povu. Akazifunga tatu kwa matambara, akampelekea Pitchou. Pitchou hakutaka kabisa kuzibeba, mpaka alipoonjeshwa, katika sahani.

Siku ya nne Rosine akasikia pikipiki. Pitchou hakuwa peke yake. Nyuma yake alikaa Placide, ana vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Rosine alisahau hata kumsalimu. Aliuliza kwanza kama bokali zilipasuka.

"Zilifika zima," Placide alisema. "Paluku na wachimbaji wenzangu walizimaliza kwa siku mbili. Miye nilipata kijiko moja tu. Nimekuja kula yangu hapa nyumbani."

Rosine alicheka huku machozi yakimtoka, akakimbilia sahani. Placide alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja. Ikawa wiki nzima, kwa sababu kila alipokaribia kumaliza bokali, Rosine alipika nyingine.