Mkongojo Uliozama Kwenye Ndoo

Kila asubuhi, jua likishapanda, nilikuwa nikisikia mkongojo wa Kalekye ukija: ko, ko, ko. Ulipogonga saruji ya mlango wangu, chai ilikuwa tayari imechemka. Mama huyo alikuwa karibu kipofu, lakini alivuka shamba lake, akapita kando ya mtaro wa kuzuia mmomonyoko, akafika kwangu bila kushikwa mkono na mtu. Tulikunywa, tukawasengenya watu kidogo, tukacheka. Hiyo ndiyo iliyokuwa raha yake, na yangu pia, nisiwafiche.

Majirani zangu wa Katelembo, mlikuja mazishini mkasema ameuawa na uzee. Leo nawaambia vingine, na atakayenikasirikia anikasirikie.

Mkongojo wenyewe ulikuwa wa mpingo. Marehemu mumewe, dereva wa malori, aliutoa Msumbiji. Ulikuwa mweusi, mzito, na pale juu kidole gumba cha Kalekye kilikuwa kimechimba kishimo kwa miaka thelathini ya kuushika.

Mwanawe, Muthoka, ni fundi wa visu. Wengi wenu mnavyo jikoni. Anafua vyuma vya springi za lori, na mikono yake siinyimi sifa. Zamani mipini aliitengeneza kwa mti wa mgrevilea tu. Kisha mwenye hoteli mmoja wa Nairobi akamwambia anataka mti mweusi, mzito, usionyonya maji. Tangu siku hiyo Muthoka akapagawa. Aliweka ndoo ya maji mlangoni pa karakana, na kila kipande alichokiokota alikitumbukiza. Kikielea ni kuni, kikizama ni mpini. Kigoda cha marehemu baba yake kilizama, akakipasua. Mwiko wa mkewe Kanini ulizama, nao ukaenda. Sisi tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Siku moja mkongojo ukazama.

Kanini ndiye aliyenisimulia. Mama aliamka, akapapasa kando ya mlango, akashika mti wa ufagio.

"Muthoka, ndata yangu iko wapi?"

"Mwaitu, mama yangu, nimeichukua kidogo, niko na oda. Nitakutengenezea ingine wiki ijayo, nyepesi, haitakuchosha."

Mama aligonga sakafu mara mbili. "Hii haisemi kitu."

"Fimbo haisemi, Mwaitu. Fimbo ni ya kushikilia."

Jamani, ujinga wa mtu mwenye macho! Ule mpingo ulikuwa ukimwambia: hapa ni saruji, hapa udongo mgumu, hapa umelegea, mtaro uko karibu, simama. Mti wa ufagio ulikuwa bubu. Na hiyo wiki ijayo ilifika ikapita, na nyingine ikapita.

Katikati ya hayo Muthoka akaniletea kisu. "Shika, Mbula. Ni zawadi, vile unamkaribisha mama." Alikuwa ameacha kichwa cha mpini jinsi kilivyokuwa. Nilipokishika, kidole gumba changu kikaingia kwenye kishimo, nikajua papo hapo. Lakini kilikuwa kizuri mno. Nikanyamaza.

Alhamisi moja Kalekye alichelewa. Alifika magoti yamejaa vumbi. Nilimwekea viazi vitamu, akapapasa mezani akitafuta cha kumenyea, na kabla sijamzuia akakishika kile kisu. Mkono ukatulia. Kidole chake kikazunguka kile kishimo polepole, kikaingia, kikakaa.

"Hii naijua," akasema.

Nikamsogezea sahani ya viazi.

"Mbula, usimwambie Muthoka nimeijua. Ataona haya."

Alikiweka chini, akaaga bila kula. Nilitaka kumsindikiza, Mungu anajua, lakini aibu ilinikalisha kitini. Nikatega sikio nimsikie akienda. Hakukuwa na cha kusikia.

Kanini alimkuta mtaroni, nyonga imevunjika. Hospitalini alikaa siku tisa. Kila Muthoka alipomwinamia kumuuliza anataka nini, alimjibu, "Wewe umekula?" Siku ya kumi hakuamka.

Muthoka amechonga mkongojo mpya, mzuri kuliko ule wa kwanza. Umeegemea mlango wa mama yake na hakuna anayethubutu kuuondoa. Nilimrudishia kisu, akakataa hata kukitazama. Nimekifunga kwa kitambaa nikakiweka juu ya kabati. Lakini hata nikikata sukuma wiki kwa kisu kingine, ubao unalia: ko, ko, ko. Mara mbili sasa nimejikuta nimemimina chai kwenye vikombe viwili.

FUNZO

Ndugu zangu, kitu cha mzee usikipime kwa ndoo yako. Kabla hujakichukua, keti naye umuulize kinamfanyia kazi gani, kisha ungoje akujibu. Ukisema utamtengenezea kingine, basi kitengeneze kwanza, akishike mkononi, akikubali.

Na wewe jirani uliyeona ukanyamaza kwa kuwa umepewa zawadi, usiseme haikuhusu. Mimi nilijua tangu siku ile ya kwanza. Ningekirudisha kile kisu siku hiyohiyo, kwa kelele za kusikika mpaka barabarani, Muthoka angeona haya akamchongea mama yake mkongojo mwingine upesi, na Kalekye angekuwa akigonga mlango wangu asubuhi ya leo.