Matundu ya Misumari

Huko La Brea, kijiji kilicho kando ya ziwa la lami, ardhi hailali. Lami iliyo chini yake husogea polepole, nyumba huinama, mabati huvutana, na misumari huchomoka kidogo kidogo. Ndiyo maana kila kiangazi watu huchota lami ziwani, huichemsha kwenye debe, kisha hupanda juu kuziba kila kichwa cha msumari kabla mvua haijafika. Ardella alikuwa ameacha viangazi viwili vipite.

"Mwanangu yuko baharini anachimba mafuta, wewe huku kazi yako kukinga matone kwa sufuria," mama mkwe wake, Ma Ismay, alimwimbia kila asubuhi.

Sasa wingu lilikuwa jeusi na jua linazama. Ardella alikuwa amepiga magoti juu ya paa na kopo lake la lami. Kazi hii hufanywa na wawili. Mmoja hukaa ndani gizani, na kila anapoona mwanga umepenya, hugonga bati kwa mpini wa ufagio. Wa juu huziba. Jioni hiyo Ma Ismay ndiye aliyeingia ndani na ufagio. Watoto huambiwa ni kwa ajili ya mvua. Watu wazima wanajua sababu nyingine: sukuyan, bibi anayevua ngozi yake kama gauni, akawa moto, akapenya kwenye tundu la msumari kunyonya damu ya waliolala.

Ngo!

Ardella akapaka.

Ngo! Ngo!

"Nimesikia, Mama. Utamwamsha mtoto."

Josanne, bintiye wa miezi mitatu, alikuwa amelala humo humo ndani. Mlio ukahamia upande wa kitanda chake. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda... Ardella akadhani ni lami.

Ngo...

Safari hii taratibu, kwa kubembeleza. Akapaka tundu hilo la mwisho, akalikandamiza kwa kidole gumba.

"Ardella! Lami imechemka. Nikuletee, au utashuka?"

Sauti ilitoka uani.

Alichungulia. Ma Ismay alikuwa amechuchumaa kando ya moto, anakoroga debe kwa mikono miwili.

"Mama... umetoka ndani saa ngapi?"

"Si tangu uliposema lami inakuishia? Kwani vipi?"

Chini ya magoti ya Ardella, bati likagongwa.

Ngo.

Hata hakumbuki kama alishuka kwa ngazi. Lakini kikongwe yule alikuwa mwepesi kuliko umri wake. Alifika mlangoni kwanza, akafunga, akautia ufunguo kifuani.

"Umeziba yote?" akanong'ona.

"Yote. Mama, mtoto wangu yumo!"

"Basi limenaswa. Likikosa pa kutokea mpaka jua lichomoze, linakufa. Ukifungua huu mlango litakupita juu ya kichwa, na kesho liko kwa jirani."

Majirani wakaja, wakasimama kuizunguka nyumba. Cuthbert, jirani wa mkono wa kulia, akamkumbatia Ardella kwa nyuma asiufikie mlango.

"Tulia, dada. Mama mkwe wako alizika wanawe wawili kwa sababu ya kitu hicho."

"Fungua, Mama. Nakupigia magoti."

"Ungepiga magoti juu ya bati mwaka jana," alisema Ma Ismay. "Mtoto utazaa mwingine."

Ndani, Josanne alilia. Kisha akaacha. Kule kuacha ndiko kulikomvunja Ardella. Aliwachukia wote waliosimama pale, na alijichukia mwenyewe zaidi.

"Lakini kwa nini ligonge?" aliuliza baadaye. "Kwa nini linionyeshe matundu, nilizibie njia?"

Ma Ismay alitazama paa, akaukamata ufunguo kifuani.

Mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Ndani halikudondoka hata tone.

Jua lilipotoka, mlango ukafunguliwa. Hapakuwa na majivu. Hapakuwa na damu. Josanne alikuwa ameketi wima katikati ya kitanda, mtoto ambaye jana hata shingo yake ilikuwa haijakaza. Alikuwa anatazama juu, msumari mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

Kisha akamwona Ardella, akanyoosha mikono.

Cuthbert akarudi nyuma, akajipiga ishara ya msalaba.

"Ni mtoto wangu," alisema Ardella. "Si ni mtoto wangu?"

Matiti yake yalikuwa yamejaa usiku kucha, yanauma, maziwa yamelowesha blauzi.

Ma Ismay alisimama nje ya kizingiti, mkono juu ya kitasa.

"Ingia umnyonyeshe," alisema. "Tuone."

Ardella akaingia, huku akifungua vifungo. Nyuma yake, ufunguo ukazungushwa.