Jiwe Lisiloshika Doa

Doa la kwanza kwenye jiwe jipya la jikoni lilipotea asubuhi, na Bi Mng'aro, badala ya kushtuka, akachekelea.

Jina hilo alilipata kwa sufuria zake, ambazo mtu angeweza kujitazama ndani yake akachana nywele. Sasa mtu wa namna hiyo aliishi vipi na kaunta ya mbao iliyooza kando ya sinki, ukiegemea inabonyea kama godoro bovu? Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alishauri vigae.

"Vigae!" Bi Mng'aro alimkata kauli. "Uchafu ukiingia kwenye viungo vyake utautoa kwa ulimi?"

"Basi chuma, mama."

"Chuma kikikwaruzwa kidogo tu, sura imekwenda. Mimi nataka kitu kitakachonizika mimi, chenyewe kibaki."

Kwa fundi mawe alilikuta bamba jeusi limesimama peke yake, mengine yote yakiwa yameegemezwa mbali nalo. Fundi alisema lilitolewa chini ya kisima kilichokauka, na wateja hawalipendi. Bi Mng'aro, ambaye husemesha hata ufagio, aliligonga kwa kifundo cha kidole kama abishaye hodi, akacheka: "We mzuri, twende kwangu. Kula na kunywa ni juu yangu!"

Fundi, mtu wa mizaha siku zote, hakucheka.

Jiwe likawekwa, likawa gumzo la mtaa. Mafuta yakimwagika, ukigeuka kuchukua kitambaa hayapo. Jirani, Mama Pacha, alikuja kulitazama macho yamemtoka.

"Shoga, jiwe lako linajifuta lenyewe!"

"Wivu usikukondeshe," Bi Mng'aro alimjibu, akajishika kiuno kwa raha.

Mkwe ndiye aliyesikia kwanza. Kila tone likidondoka, kulitoka sauti ndogo, kama mtu anayemeza akijificha. Kisha ikaja harufu ya matope ya kale. Siku moja alijikata akimenya viazi, damu ikadondoka mbele ya macho ya wote wawili, ikazama ndani ya jiwe kama maji mchangani, na jiwe likashusha pumzi.

"Mama," mkwe alinong'ona, "hiki kitu kinakunywa."

"Mawe hayana koo," alisema Bi Mng'aro. Lakini alisikia. Alisikia vizuri sana, ila sifa za mtaa zilikuwa tamu bado, akameza maneno.

Na juu ya jiwe hilohilo, kwa kuwa halichafuki, ndipo walipokuwa wakimwogeshea mtoto mchanga wa mkwe. Mjukuu akaanza kuwa mwepesi. Midomo ikakauka, ngozi ikalegea, akawa analia bila machozi. Muuguzi alisema mtoto anapoteza maji, lakini hakuona yanapotelea wapi.

Bi Mng'aro aliona. Alasiri moja ya mvua aliingia jikoni akamkuta mtoto amelazwa juu ya taulo, mama yake amegeuka kuchukua nguo tu, na taulo lilikuwa kavu kau, na jasho la mtoto lilikuwa likiteremka shingoni, likipita mgongoni, likishuka kwenye jiwe kama uzi mwembamba usiokatika, na jiwe likimeza, likimeza, bila kujificha tena, na harufu ya kisima ikajaa hata akahisi yuko chini yake akitazama juu. Akamnyakua mtoto kwa kelele.

Mtabibu wa majini aliitwa. Hakuligusa jiwe.

"Nani alimkaribisha jini huyu?"

"Nilitania tu, kaka," Bi Mng'aro alisema kwa sauti ya chini.

"Hawa hawajui utani. Ulimwambiaje?"

Akarudia maneno yake, moja moja, kwa aibu.

"Basi ukilivunja utakuwa umempiga mgeni, naye atamfuata mtoto. Mgeni huagwa na mwenyeji. Ila huyu haondoki na kiu."

Mkwe akalia, "Mama, usifanye! Tuhame!"

"Tuhamie wapi, mwanangu, na mtoto ameshaonjwa?"

Akaweka kiganja cha kulia juu ya jiwe. Akasema, "Mwenyeji wako ni mimi. Kunywa kwangu, ushibe, uende," na sauti ya kumeza ikapanda ukutani, ikatetemesha vikombe, ikaingia mifupani mwake, mkono ukawa baridi hadi begani, na yeye akauma meno, hakuuondoa, mpaka jiwe lilipofifia likawa la rangi ya majivu na madoa yote yakarudi juu yake kwa mpigo mmoja, mafuta, chai, damu. Chumba cha pili mtoto akalia, machozi yakamtiririka mashavuni.

Leo jikoni kuna vigae, na mtoto anakimbia nyumba nzima. Bi Mng'aro huipua sufuria motoni bila kitambaa. Ukimmiminia maji ya kunawa kwenye kiganja kile, hakuna tone linalofika chini, na Mama Pacha siku hizi humsalimu kwa mbali.

"Bibi, nibebe!" mtoto humkimbilia, mikono juu.

Naye huuficha haraka mkono wa kulia mgongoni, akamsogezea wa kushoto. Na kule nyuma, asikokuona, vidole hujikunjua vyenyewe, kimoja kimoja, kuelekea sauti ya mtoto.