Ubao Usio na Jina

Kila asubuhi ya kiangazi, hata kabla ya kupiga mswaki, Marisela Ochoa alikimbilia dirisha la jikoni kutazama vilele vya miti mirefu iliyokinga shamba la cheri. Vilele vikitulia, mto ulikuwa wa watoto. Vikianza kuinama kuelekea mashariki, mto ulikuwa wa wakubwa. Ndivyo mambo yalivyokuwa katika mji wa Hood River, na katika bonde lote la mto Columbia, ambako watu huulizana upepo kabla ya kuulizana hali.

"Leo vipi?" aliuliza baba yake, Efrain, huku akikunja chapati ya mahindi yenye mayai. Alikuwa fundi wa matrekta, na mtu yeyote akipotea mtoni, yeye na wenzake wa kikosi cha uokoaji waliacha kazi zao na kwenda kumtafuta.

"Kumetulia, Baba."

"Kumetulia sasa. Tazama mawingu yalivyojazana magharibi, na upande wa mashariki joto linakaanga watu. Adhuhuri upepo utafika maili thelathini na tano kwa saa. Usitie mguu majini bila mwenzako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na ule ubao wa kutelezea majini kwa tanga aliokupa kaka yako, umeshaandika jina na namba ya simu?"

Marisela alikuwa amefuta jina la kaka yake kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Alitaka kuandika lake kwa herufi za madaha, zenye nyota pembeni, lakini kila siku alisema kesho, na ubao ulikuwa bado mweupe pe.

"Nimeandika," alijibu, akajimiminia maziwa. Ulikuwa uongo mdogo kama punje ya mtama, na baba yake hakuuona. Alimshika kichwani, akachukua funguo zake na kwenda zake karakana.

Saa tano, vilele vilipokwisha kuinama, Marisela alikutana na Tilda Haugen akitoka mtoni na tanga lake begani. Mama yake Tilda alikuwa fundi wa kushona matanga, na Tilda alijiona mwenye mto.

"Umechelewa, mtoto wa asubuhi!" Tilda alicheka. "Upepo wa sasa ni wa watu wazima. Rudi kesho kabla hujanywa uji."

"Mbona wewe mwenyewe unakimbia?"

"Sikimbii, naenda kula. Wewe ungekuwa umeshapeperushwa mpaka jangwani!"

Tilda alisema kwa mzaha tu na akaenda zake. Lakini maneno yale yalimchoma Marisela. Mtoto wa asubuhi! Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu majira ya kuchipua hakuna aliyemwona akianguka. Sikio la kufa halisikii dawa. Alibeba ubao na tanga lake, akakwepa ufuko mkubwa wenye watu, akafuata reli hadi kwenye ghuba ndogo ambako hakuna mtu ambaye angemwona. Simu aliiacha nyumbani ili asipigiwe.

Kwa haraka aliyokuwa nayo, alichomeka mlingoti wa tanga kwenye ubao bila kuisukuma pini inayoufunga mpaka ilie tak. Kila mtoto wa mto ule anajua kwamba pini isipolia haijafunga. Yeye aliiona imekaa, akaridhika.

Mwanzo alifurahi mno. Upepo ulimnyakua, ubao ukaruka juu ya maji, naye akapiga kelele za shangwe peke yake. Akafika katikati ya mto. Huko maji yanateremka magharibi kwenda baharini na upepo unapanda mashariki. Vikikutana, mawimbi husimama kama kuta. Wimbi la tatu lilimrusha. Aliposhuka, alisikia mlio mdogo chini ya miguu yake, na tanga likabaki mkononi bila ubao.

Ubao mweupe ulikuwa umeshakwenda mbali, ukisukumwa na upepo kama karatasi. Aliogelea kuufuata, akashindwa. Maji yalikuwa baridi na yalimwingia mdomoni. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Alilikumbatia tanga kwa mkono mmoja, akapiga miguu, akamwita mama yake ambaye alikuwa mbali, kwenye ghala la kuchambulia cheri. Jaketi lake la kuokolea maisha ndilo lililomweka juu. Alipogusa mawe ya kando ya reli, kiatu chake cha maji cha mguu wa kushoto kilikuwa kimechukuliwa na mto.

Alilala juu ya mawe akitetemeka. Kisha wazo likamjia. Ubao hauna jina. Basi hakuna atakayejua kwamba ni wake! Baba hatajua. Tilda hatacheka. Alificha tanga, jaketi na kiatu kilichobaki ndani ya kichaka cha miiba, akarudi kwa miguu kando ya reli, peku, akijipongeza kwamba ameponyoka.

Hakuwa amefika ufukoni aliposikia king'ora.

Watu wote walikuwa wameitwa watoke majini. Walisimama mchangani na matanga yao yakiwapigapiga, na mama yake Tilda, Bi Ingrid Haugen, alikuwa juu ya meza, kipaza sauti mkono mmoja na redio ya mawasiliano mkono mwingine.

"Kila mtu amtafute mwenzake!" alipaza sauti. "Mwangalie usoni, usiniambie ulimwona muda si mrefu! Nahodha wa tishari la mizigo ameokota ubao mweupe, hauna mtu, hauna jina. Nani hayupo?"

Watu walianza kuitana. "Niko hapa!" "Mke wangu huyu hapa!" "Mwanangu anatoka chooni, namwona!" Marisela alijipenyeza nyuma yao.

"Nani yuko mtoni kutafuta?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Baba yako na Wendell, mwenzake wa kikosi," alijibu Tilda, ambaye alikuwa ametokea ubavuni kwake. Safari hii hakuwa akicheka. "Upepo umefika arobaini na mbili. Mama hakutaka waende. Baba yako alisema, kama kuna mtu majini, dakika kumi ni nyingi." Kisha akamtazama Marisela juu hadi chini. "Nywele zako zimelowa. Na mguu wako unatoka damu."

"Nilijikwaa."

"Majini?"

Marisela aligeukia mto. Kule katikati ya mto aliiona boti ndogo ya rangi ya machungwa. Ilipanda wimbi, ikazama nyuma yake, ikatokea tena. Kila ilipozama alihesabu moyoni. Mara moja alifika tisa kabla haijaonekana. Alitaka kusema, lakini akafikiri: labda watachoka warudi wenyewe. Labda akisubiri kidogo tu.

Redio ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya Wendell. "Tunasogea chini ya lile jabali la ukingo wa ng'ambo. Maji yanaingia ndani ya boti. Nimebanwa mkono, lakini twende tu."

"Rudini!" alisema Bi Haugen. "Efrain, unanisikia? Pale chini ya jabali boti itapinduka!"

Kisha Efrain akasema, polepole, kwa sauti ambayo Marisela hakuwahi kuisikia: "Tumeokota kiatu. Kiatu cha maji. Ni cha mtoto. Siwezi kurudi, Ingrid. Naingia chini ya jabali."

Marisela hakujua miguu yake ilianza kwenda saa ngapi. Alijikuta anasukuma watu, anaanguka mbele ya meza, anapiga kelele.

"Ni changu! Kiatu ni changu! Ubao ni wangu! Mwambieni arudi, hakuna mtu, hakuna mtu majini!"

Bi Haugen alimtazama nywele, akamtazama mguu. Hakumgombeza. Aliinama akamwekea redio mkononi. "Sema wewe. Mimi hataniamini."

"Baba," alisema Marisela. "Baba, ni mimi. Niko ufukoni. Sikuandika jina. Nilikudanganya."

Aliisogeza redio sikioni.

"Umeumia?" aliuliza Efrain.

"Hapana, Baba."

"Sema tena."

"Sijaumia. Niko hapa na Bi Haugen."

Kule mtoni boti ile iligeuka. Kugeuka ndiko kulikokuwa hatari zaidi, kwa kuwa wimbi liliipiga ubavu. Ililala, ikalala zaidi, kisha ikainuka. Ilichukua robo saa nzima kufika. Wendell alishuka vidole viwili vikiwa vimevunjika. Efrain alishuka wa mwisho, maji yakimtiririka, na kiatu kidogo kimefumbatwa ndani ya kiganja chake.

Marisela alimwomba Wendell msamaha huku akilia kwa kwikwi. Wendell alijaribu kutabasamu. "Vidole vitaunga," alisema, akaenda kufungwa bandeji.

Efrain alipiga magoti mchangani mbele ya binti yake. Alikigeuza kile kiatu, akamwonyesha kisigino, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa ameziba tundu kwa kiraka cha bluu.

"Nilikijua," alisema. "Tangu nilipokishika, nilikijua. Sikusema redioni kwa sababu niliogopa kwamba nikisema, itakuwa kweli. Marisela, sikuwa namtafuta mgeni tena. Nilikuwa nakutafuta wewe."

Marisela alimkumbatia.

Jioni, upepo ulipopungua, nahodha wa tishari aliuleta ule ubao mweupe. Bi Haugen aliuweka juu ya meza, akatoa kalamu ya wino usiofutika na kumpa Marisela mbele ya Tilda na watoto wengine.

"Kwenda majini peke yako na kuanguka ni kosa, na baba yako atalishughulikia," alisema. "Kuanguka sote tumeanguka. Lakini leo uongo wa asubuhi uliwapeleka watu wawili mdomoni mwa kifo, na kimya chako cha mchana kikawazuia kurudi. Jina halipo kwa ajili ya kuupendezesha ubao. Lipo ili, siku ubao ukirudi bila wewe, tupige simu tusikie sauti yako. Anayejua ukweli na akanyamaza, wenzake ndio wanaolipa."

Marisela aliandika jina lake na namba ya simu, herufi kubwa, bila nyota hata moja. Tilda akanong'ona, "Na mimi sitakuita tena mtoto wa asubuhi."

"Niite tu," alisema Marisela. "Mpaka Baba aseme vingine, ndivyo nilivyo."

Kuanzia siku ile mpaka kiangazi kilipokwisha, kila asubuhi alisimama penye njia ya kuingilia mtoni, kalamu mkononi, na hakumruhusu mtoto yeyote apite kabla hajakagua ubao wake. Wengine walimnung'unikia. Yeye aliugeuza ubao, akatafuta jina, kisha akaisukuma pini kwa kidole gumba mpaka aisikie ikilia.