Aliyevushwa Kijito

Maziwa yaliganda ndoo ingali na joto la ng'ombe. Keziah Tranter akayamwaga, akasema ni hali ya hewa. Kisha nyumba ikaanza kunuka sufu mbichi, kana kwamba mtu aliyelowa anajikausha jikoni. Hapakuwa na mtu.

Mumewe, Josiah, alikuwa msimamizi wa maskini wa parokia. Kwa desturi, mtoto maskini hulishwa na parokia alimozaliwa. Ndiyo maana, majira ya baridi yaliyopita, mwanamke mgeni aliposhikwa na uchungu karibu na kanisa, Josiah alimpakia mkokotenini akamvusha kijito cha mpakani, akazalie parokia ya pili. Watu wa huko nao wakamrudisha. Akafia kijitoni, na mtoto tumboni.

Sasa Dorcas, binti yao, alikuwa kitandani tangu jana, na mtoto hatoki.

"Sukuma, mwanangu," alisema Bi Huldah, mkunga.

"Nasukuma! Kuna mtu anamzuia!"

Chini mlango ukabishwa.

"Hodi," ilisema sauti ya kike, meno yakigongana. "Hapa ni parokia ya nani, baba?"

Josiah akaduwaa ngazini.

"Vipi, mzee, leo huna mkokoteni?" mkunga akanong'ona kutoka mlango wa chumba. "Siku ile ulikuwa hodari."

"Nilifuata desturi. Kijiji kizima kilikubali."

"Basi kijiji kije kimzalishe mwanao."

Maji yakapenya chini ya mlango, harufu ya sufu ikapanda ngazi, midomo ya Dorcas ikageuka samawati, naye akaanza kutetemeka meno kwa mwendo uleule wa yule aliye nje, huku uani majirani waliokuja kusikia habari njema, walewale waliosaidia kusukuma mkokoteni siku ile, wakitazama viatu vyao, asiwepo hata mmoja wa kuinua uso.

Josiah akateremka, akafungua mlango mbele yao wote. Mashavu yalimwaka kwa aibu.

"Ni parokia yako, mama," alisema. "Ingia. Uzalie hapa."

Hakumwona mtu. Baridi tu ilimpita begani, ikapanda juu.

Mtoto akalia. Kisha akalia mwingine.

Josiah alipofika chumbani, Bi Huldah alikuwa amempakata mtoto mmoja. Dorcas alikuwa ameukunja mkono wake mtupu kifuani, akiutazama kwa upole.

"Huyu wa pili ana baridi, baba," alisema. "Mletee blanketi."

Josiah akalileta. Alipolitandaza juu ya ule mkono, lilituna, likaanza kupumua.