Mke Mwenza Aliyechagua Mji Mkongwe

"Chagua moja, mke wangu. Orodha inafungwa leo saa kumi na mbili jioni."

Janeth alikuwa kwenye cherehani, simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo, sauti ameifungulia yote. Chini kwenye mkeka Bibi Dorkasi alikuwa akipukuchua mahindi polepole ili asipitwe na neno.

"Nisomee tena."

"Ya kwanza, mashamba ya viungo. Gari linawachukua bandarini, mnanusa karafuu, mnakula, mnarudi. Ya pili, kisiwa cha kobe. Ya tatu, kutembea kwa miguu Mji Mkongwe, saa nne nzima."

"Wewe utakuwa na kundi lipi?"

"Hilo utakalochagua. Mimi nashika kibao cha namba na kuhesabu Wazungu wasipotee. Kila mfanyakazi anaruhusiwa mgeni mmoja, bure. Chukua viungo, Janeth. Mji Mkongwe siku hiyo kutakuwa na meli tatu, na vile vichochoro watu watakanyagana."

Julius alikuwa mhudumu wa chakula kwenye meli ya watalii. Miaka miwili na nusu hakuwa amekanyaga Korogwe. Kila mkataba ukikaribia kwisha, alipiga simu kusema umeongezwa. Sasa kwa mara ya kwanza meli yake ingeshinda Zanzibar siku moja, na Janeth alikuwa ameshajishonea gauni la kwendea.

Lakini wiki iliyotangulia alikuwa amempeleka Bibi Dorkasi kwa daktari wa macho. Bibi ndiye aliyemlea Julius kule Sindeni tangu mama yake alipofariki, na macho yalipoanza kumsumbua Janeth alimchukua akae naye Manundu, pale Korogwe. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichobaki ni kidogo, na mwakani huenda kisiwepo. Njiani bibi hakulalamika. Alisema tu, "Ningemwona Julius, basi." Tangu siku hiyo Janeth alikuwa hapati usingizi wa maana.

"Julius, mgeni wako siyo mimi," alisema. "Atakuja bibi."



"Bibi? Basi sawa. Wazo zuri sana. Bibi aje."

Lilikuja haraka mno jibu hilo. Janeth alitegemea abishane, hata kwa uongo, aseme amemkumbuka mkewe. Mwanamume anayekupenda hakuachii kirahisi hivyo. Ila Janeth alikuwa mtu wa kuwatafutia wenzake visingizio, akajiambia labda kaguswa.

Bibi Dorkasi alishaacha mahindi. "Mume wangu," aliita kuelekea kwenye simu, "kumbe umenichagua mimi ukamwacha huyu mwenye meno?"

"Bibi, shikamoo."

"Shikamoo ya nini, mimi mkeo. Mke mwenzangu kakubali, wewe unaogopa nini?"

Janeth akacheka. Bibi na mjukuu ni watani, na mke wa mjukuu ni mke mwenza wa bibi. Tangu alipoolewa, miaka tisa, Bibi Dorkasi hakuwahi kumwita jina lingine. Alimwita mke mwenzangu mbele ya mchungaji, mbele ya wateja, hata mbele ya yule daktari wa macho aliyebaki ameduwaa.

"Basi nakuandika kwenye viungo, bibi," Julius alisema.

"Viungo si ninavyo jikoni?"

"Kobe, je? Kobe wakubwa, wana miaka mia."

"Nitawaona na nini? Kobe haongei. Nipeleke huko kwenye watu, nisikie mji."

"Bibi, kuna msongamano, utaumia."

"Nitakushika mkono. Au unaona haya kutembea na mkeo?"

Julius akabishana dakika tano nzima, akasema jua kali, akasema ngazi, akasema wezi wa simu. Bibi hakuwa na simu. Mwisho akakubali, sauti imepoa. Janeth alisikia ile sauti ikipoa, akaiwekea kisingizio nayo.

Kibwana, jirani anayepeleka machungwa ya Handeni Unguja kila wiki, alijitolea kumsindikiza bibi mpaka bandarini na kumrudisha. Siku ya kuondoka Janeth alimvalisha bibi kanga mpya, akamfungashia unga wa muhogo na samaki wakavu ambao Julius alikuwa akiwapenda.

"Mpe, mwambie nimemkumbuka," alisema.

"Nitamwambia nikishamaliza yangu," bibi akajibu, akapanda basi.

Siku ya matembezi ujumbe uliingia saa tatu asubuhi. Picha ya bibi, kifuani kabandikwa karatasi yenye namba 14, kasimama wima katikati ya Wazungu wenye kofia. Chini Julius kaandika: "Mke mwenzio kafika salama. Tunaingia mjini."

Janeth alijibu: "Mshike vizuri. Na wewe nakupenda."

Hakukuwa na jibu. Saa saba akaandika tena: "Mmemaliza?" Saa tisa akapiga, simu ikaita mpaka ikakata. Jioni ukaja ujumbe mmoja tu: "Bibi kashapanda boti na Kibwana. Niko kazini. Tutaongea."

Kesho yake alasiri Kibwana alimfikisha bibi mlangoni. Hakutaka hata maji.

"Shemeji, mimi sijui kitu," alisema kabla hajaulizwa. "Tangu jana hajanisemesha." Akaondoka.

Janeth alimkalisha bibi, akamvua viatu, akamletea chai. Bibi akakishika kikombe kwa mikono miwili wala hakuinywa.

"Haya nipe habari. Amenenepa? Amekonda?"

"Mke mwenzangu," bibi alisema. "Tumeongezeka."

"Tumeongezeka vipi?"

"Tulikuwa wawili. Sasa tuko watatu."

Janeth akacheka kwa nguvu. Alikuwa ameukosa utani ule siku tatu nzima. "Atalala wapi huyo wa tatu, bibi? Kitanda chenyewe futi nne."

"Ana nyumba yake. Na mtoto anaye."

"Basi mtoto tutakuachia wewe. Si ndiye mke mkubwa?"

"Sikutanii."

"Hujawahi kukubali kuwa unatania. Huyo mwenzetu anajua kupika lakini?"

Kosa hili mtu wa mbali hawezi kulifanya. Angeambiwa mumeo ana mke mwingine, angeshtuka mara ya kwanza tu. Janeth alikuwa amelishwa neno hilo hilo miaka tisa, asubuhi na jioni, na halikuwahi kumuuma. Alikuwa akifungua mzigo wa bibi huku anatafuta mzaha mwingine wa kumrudishia, na bibi alikuwa hana njia ya kusema iliyobaki, isipokuwa moja.

"Janeth."

Mikono ya Janeth ikasimama ndani ya mzigo. Unga wa muhogo ulikuwa bado umo. Samaki nao walikuwa wamo, wamefungwa kama alivyowafunga.

"Umeniitaje?"

"Janeth. Kaa chini, mama."

Akakaa. 

"Tulikuwa tunapita vichochoroni," bibi alianza. "Mwenye kutuongoza anaeleza milango, Wazungu wanapiga picha. Mimi nimemshika Julius mkono. Mkono unatoka jasho. Mara mtu wa duka akasema, 'Baba Husna, za masiku?' Julius hakujibu. Nikajua anamwita mwingine. Hatua chache mbele, mama mmoja naye, 'Baba Husna, mbona leo unapita kama mgeni?' Nikamuuliza, Baba Husna ni nani? Akasema, 'Bibi, huku watu ni wengi, wananifananisha.'"

"Labda wanamfananisha," Janeth alisema.

"Na mimi nilisema labda. Nikamshika hivyo hivyo. Tulipofika kona nyingine watu wakasongamana, kundi letu na kundi la meli nyingine, tukasimama. Hapo nikasikia mtoto anaita baba. Anakuja mbio, anaita baba, baba. Julius akauachia mkono wangu, Janeth. Aliuachia ili ambebe."

Janeth akausukuma mzigo kando.

"Mama yake akatoka nyuma. Mtoto wa watu, ana adabu, kanishika mkono kanisalimia. Hakujua mimi ni nani. Julius kamwambia mimi ni mgeni wa meli."

"Alikukana?"

"Mbele yangu. Alijua sioni. Akasahau kwamba nimemlea kwa sauti yake, namjua anavyodanganya tangu akiwa mwizi wa sukari. Nilitaka kusema, nikamhurumia yule binti. Hana kosa. Nikanyamaza mpaka kwenye boti. Samaki zako sikumpa."

Janeth alichukua simu. Mara ya tatu ndipo ikapokelewa.

"Halo, mke wangu."

"Hujambo, Baba Husna?"

Upande wa pili vyombo vilikuwa vinagongana. Kisha mlango ukafungwa, kukawa kimya.

"Janeth, sikiliza. Bibi haoni vizuri. Kule palikuwa na watu wengi sana, kachanganya."

"Nimeuliza hujambo."

"Janeth."

"Mkeo anaitwa nani?"

Alivuta pumzi kama anayeinua gunia. "Hafsa."

"Tangu lini?"

"Miaka minne. Nilikuwa nasubiri meli, nikapanga chumba kwao. Ilitokea tu. Kule wananiita Abdulaziz, nimefunga ndoa kwao. Nilitaka kukwambia, kila nikipiga simu unaniambia umemwogesha bibi, umempeleka bibi kliniki, nashindwa nianzie wapi."

"Kwa hiyo mikataba ilikuwa haiongezwi."

"Miwili iliongezwa siku chache. Likizo nilikuwa hapo Unguja."

"Saa chache kutoka hapa."

"Nisamehe."

"Nina swali moja, Julius. Ukinidanganya hili, sitakuuliza lingine maisha yangu yote. Husna kazaliwa lini?"



"Mwaka juzi. Julai. Tarehe kumi na tisa."

Janeth akafumba macho. Julai ya mwaka juzi alikuwa wodini hospitalini, mimba yake ya miezi mitano, ya kwanza na ya mwisho, inatoka. Tarehe kumi na nane alimpigia Julius mara kumi na saba. Tarehe ishirini Julius akapiga, akasema walikuwa bahari kuu, hakuna mtandao. Akalia naye kwenye simu. Janeth alimbembeleza yeye.

"Hukuwa baharini," alisema.

"Hapana."

"Simu uliiona."

"Niliiona. Hafsa alikuwa na uchungu wa kuzaa. Sikuweza kutoka, Janeth. Nilitaka nikupigie, kisha mtoto akazaliwa, na wewe ukaandika kwamba wako amekwenda. Ningekwambia nini?"

"Na uliponililia?"

"Nililia kweli."

Hilo ndilo lililomuuma kupita yote, kwa sababu aliliamini. Alikuwa amelia kweli, na mtoto wake mkononi.

"Nipe muda," Julius alisema. "Mwezi ujao nakuja na wazee. Tutayapanga. Hafsa anaweza kukubali."

"Hafsa anajua nipo?"

"Nitamwambia."

"Basi mwambie. Usimfanye kama ulivyonifanya. Ukija na wazee, waje wachukue vitu vyako. Mimi hutanikuta. Nakwenda kwetu Magoma."

"Na bibi?"

Akakata simu.

Alipogeuka, bibi alikuwa ameshafunga kanga zake mbili kwenye kitambaa na kuuweka mzigo mapajani, anapapasa chini akitafuta viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Sindeni."

"Kwa nani? Nyumba ile imeanguka ukuta."

"Nitakwenda kwa watoto wa dada yangu. Siwezi kukaa hapa nikala chakula chako. Nilikaa kwa sababu ya Julius. Sasa mimi ni nani wako?"

Janeth akakitoa kile kiatu alichokuwa anakipapasa, akakiweka juu ya cherehani, mbali. Akakaa naye kwenye mkeka. Walikaa hivyo muda mrefu. Mteja alibisha hodi akiulizia sare ya mtoto wake, wakamwacha akachoka mwenyewe.

"Yule mtoto anafanana na nani?" Janeth aliuliza.

"Achana naye."

"Niambie tu."

"Uso sikuuona. Ni kitu cheupeupe, gauni nadhani. Alinishika kidole hiki. Ana mkono wa moto."

"Alikusemesha?"

"Mama yake alimwambia asalimie."

"Akasemaje? Alikuitaje?"

 Bibi Dorkasi aligeuza uso pembeni, kama mwenye macho mazima anavyofanya asionwe.

"Aliniita bibi."

Janeth alikuwa hajadondosha chozi tangu aingie Kibwana. Sasa yakatoka yote, ya jana na ya mwaka juzi Julai, kwa sauti ambayo mwenyewe hakuijua. Wa kwake naye angekuwa anatamka. Angekuwa hapo kwenye mkeka anavuruga mahindi, na neno hilo angelisema kila siku, mpaka lichoshe.

Bibi aliusogeza mzigo wake kando. Akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa cha Janeth, akakilaza mapajani pake, akakiwekea mikono yote miwili.

"Lia, mwanangu," alisema. "Magoma tutakwenda wote."